Geti Analolijua Mbwa

Jumatatu, 4 Novemba

Nimemtoa Mtasema saa nane mchana, kama kawaida. Asubuhi sina nafasi. Sare za shule zimejaa mezani mpaka cherehani haionekani. Jana ilinyesha kidogo, leo jua limewaka, ardhi inatoa mvuke. Fukuto tupu. Blauzi ilinigandia mgongoni kabla sijafika barabarani.

Watu wa Nyahanga hawajazoea kuona mbwa anafungwa kamba na kutembezwa kama mtoto wa chekechea. Vijana wa bodaboda wananicheka kila siku. Wacheke. Mtasema asipotembezwa anabomoa banda la kuku, na lile banda nimelijenga kwa hela yangu ya kushona.

Mbwa ni wa mume wangu. Bosi wake wa zamani alihama, akamwachia. Jibwa lenye manyoya mazito, la kufaa nchi za baridi. Jina alimpa Baba Shija mwenyewe, mwaka tuliohamia nyumba hii, majirani walipokuwa wanatusema. Sasa aliyempa jina yuko machimboni upande wa Geita, na mimi ndiye ninayepita mitaani naita "Mtasema! Mtasema, twende!" utadhani natafuta ugomvi.

Leo amenivuta tena. Tulipofika kona ya mashine ya kusaga alikata kushoto, kamba ikanichuna kiganja. Moja kwa moja mpaka kwenye geti la kijani. Akaketi pale, ulimi nje, anatazama geti kama anayesubiri kufunguliwa.

Mara ya ngapi hii, sijui. Leo ndiyo nimejiuliza. Mbwa analijuaje geti la watu?

Jumanne, 5 Novemba

Geti la kijani ni la Mama Ester. Nimeuliza kwa ujanja, kwa muuza nyanya. Mjane, ametokea Didia. Anauza miche ya miti na maua hapo hapo uani kwake. Mweupe. Ana mwanya. Habari za mwanya kaongeza muuza nyanya, mimi sikuuliza.

Baba Shija akiwa nyumbani ndiye anayemtembeza mbwa. Kila siku. Anakaa huko muda mrefu. Nilikuwa nafurahi, nasema afadhali mume wangu hana mambo ya baa.

Mjinga mimi. Mbwa hajui kudanganya. Anakwenda alikozoea kupelekwa.

Alhamisi, 7 Novemba

Baba Shija amepiga simu. Mtandao ulikuwa unakatakata. Salamu, Shija chuoni anaendeleaje, kisha mbwa. Nikamwambia huwa namtoa saa nane.

Akapaza sauti. "Usimtoe mchana, Mama Shija! Mtoe alfajiri, au jua likishazama. Joto hili na unyevu huu vitamuua." Tangu anioe hajawahi kunipazia sauti kwa ajili ya mbwa.

Nimekaa na maneno hayo jioni nzima huku natia vifungo. Alfajiri geti la kijani limefungwa. Jua likizama limefungwa. Liko wazi jua likishapanda tu, mwenyewe akiwa nje na miche yake. Kumbe ndiyo maana mimi nisipite mchana. Nisionane naye. Joto, joto, mbwa gani anakufa kwa joto? Mbwa wa kwetu kijijini wanashinda juani wakichunga ng'ombe.

Ananiona mtoto mdogo.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimekwenda saa saba. Makusudi kabisa.

Geti lilikuwa wazi. Mtasema alinichomoka mkononi akaingia mwenyewe. Akapita katikati ya viriba vya miche bila kuangusha hata kimoja. Anaijua njia! Akaenda nyuma kabisa, chini ya wavu mweusi wa kivuli, akajilaza kwenye mchanga uliolowa, tumbo chini, miguu ya nyuma ameitandaza kama chura.

Mama Ester akainuka, akanisalimia Kisukuma, ananiita mama. "Mwadila, mayu. Karibu. Huyu ni wa hapa hapa nyumbani."

Wa nyumbani!

Akamletea maji kwenye beseni la bluu. Mbwa wangu ana beseni lake kwenye nyumba ya mwanamke mwingine. Nikasema asante, nikamvuta. Hakutaka kuinuka. Nikaita jina lake mpaka mteja mmoja akaanza kucheka. Nimerudi nyumbani, nimeshona mkono wa shati upande usio wake. Nimefumua, nimeshona tena.

Mwanya anao kweli. Unampendeza, mshenzi.

Jumapili, 10 Novemba

Misani nimemwona Mama Ester. Anaimba kwaya, mstari wa mbele. Padri alihubiri habari gani, sijui.

Jumanne, 12 Novemba

Nimempigia mimi. Nikamuuliza bila kuzunguka, unamfahamu Mama Ester? Akasema hanisikii. Nikadhani mtandao. Kisha akasema, "Wa miche? Namfahamu kidogo. Mtasema hupenda kupumzika pale."

Kidogo.

Halafu haraka haraka, "Humtoi mchana lakini, eti?" Nikasema simtoi. Kanidanganya, nimemdanganya, ngoma droo.

Mtasema hali vizuri siku hizi. Anahema hata akiwa amelala. Nyayo zimechubuka kwa lami, nimempaka mafuta ya mgando. Nilipokuwa nampaka alinilamba mkono, nikaona aibu kidogo. Yeye hana kosa. Lakini ndiye shahidi wangu, na sina mwingine.

Jumatano, 13 Novemba

Tumekwenda tena saa saba. Yule mama alimpa maji, mimi nilikaa getini kama askari, nasubiri ajitie kuniuliza habari za mume wangu. Hakuuliza. Anayeuliza hana la kuficha. Huyu hakuuliza hata salamu zake.

Kesho namwambia usoni.

Alhamisi, 14 Novemba

Nitaandika yote.

Leo hapakuwa na jua. Mawingu mazito, upepo umesimama, nguo zilizoanikwa tangu asubuhi hazijakauka. Nikasema vizuri, hata hilo jua analolisingizia Baba Shija halipo. Nilifupisha kamba ili mbwa asinichezee. Njiani alitaka kujilaza chini ya mwarobaini. Nikamvuta. Mbele akataka kujilaza kwenye mtaro. Nikamvuta. Nilikuwa nayapanga maneno yangu kwa Mama Ester, nayarudia kwa sauti, sikumwangalia mbwa.

Ulimi wake ulikuwa mwekundu wa kuiva. Mate yananing'inia kama nyuzi. Karibu na geti akaanza kuyumba kama mlevi, akaanguka ubavu. Akatapika.

Nikapiga kelele. Nilipiga kelele gani! "Kamlisha sumu! Mama Ester kamlisha sumu mbwa wetu!" Kwa sababu jana alikunywa kwenye lile beseni. Watu wakajaa. Vijana wa bodaboda wakasema maziwa, mpe maziwa, maziwa yanavunja sumu. Mmoja akakimbia dukani. Nikampanua mdomo mbwa wa watu, nikamimina. Yakawa yanatokea puani.

Mama Ester akatoka mikono ina udongo. Akanipokonya ile pakiti akaitupa. "Atapaliwa! Hana sumu huyu, kazidiwa na joto. Mbebeni!"

Vijana wakambeba mpaka kwenye ule mchanga uliolowa. Nikavua kanga nikailoweka nikamfunika nayo. Akaivuta akaitupa pembeni. "Ukimfunika unamfukiza, mayu. Mwagia." Tukamwagia maji ya bomba tumboni, kwapani, kwenye mapaja, kwenye nyayo. Yeye akashika ungo akawa anampepea. Mimi nalia na kumwaga. Niliyekuja kumtukana nikawa napokea amri zake, lete ndoo, shika kichwa, mwaga hapa.

Baada ya muda mbwa akainua jicho. Mama Ester akashusha pumzi, akasema, bila kufikiri, huku anapepea, "Ndivyo walivyomfanya Baba Shija walipomtoa duarani. Mchanga wa maji, na kupepewa."

Nikamuuliza, walipomtoa wapi?

Ungo ukasimama. Akanitazama, nikaona ameshajua amekosea. "Nisamehe, mayu. Nilidhani wewe ndiye wa kwanza kujua."

Daktari wa mifugo alikuja na pikipiki, akamtundikia dripu pale pale. Amesema ni joto. Amesema yale maziwa yangemwingia kwenye mapafu angekufa mikononi mwangu.

Ijumaa, 15 Novemba

Mtasema yuko hai. Amelala kwenye saruji ya ukumbini, anakunywa kidogo kidogo. Nimemwekea feni ya mteja, aliyeiacha hapa alipoleta mapazia ya kushona.

Hadithi nzima Mama Ester alinipa jana, nilimlazimisha. Mume wangu alishuka duarani, chini kabisa kwenye shimo la dhahabu, mashine ya kusukuma hewa ikafa. Joto la chini na jasho la watu. Akazimia. Wenzake wakamfunga kamba wakamvuta juu kama gunia. Aliporudi nyumbani safari ile aliniambia alikuwa na malaria. Naikumbuka malaria hiyo! Nilimpikia uji wa ulezi, nikamwamsha kunywa dawa. Na dawa alikunywa.

Asubuhi alipopata nguvu alimtoa mbwa, mbwa akaenda kujilaza kwenye mchanga wa Mama Ester, naye akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Akamwona mbwa anapoa. Akaanza kulia.

"Alilia?" nilimuuliza.

"Alilia, mayu. Sana."

Mume wangu hakulia hata alipomzika mama yake. Mimi nimekaa naye tangu hatuna godoro, na sijawahi kuyaona machozi yake.

Bora wangekuwa wanalala pamoja. Naandika hivyo na simaanishi mzaha. Hilo ningejua la kufanya. Ningemchania viriba vyake vyote, ningekwenda kwa wakwe, mtaa mzima ungejua. Hili sijui nilishike wapi. Namwonea mwanamke wivu kwa machozi ya mume wangu. Na mbwa naye alikuwepo. Hata mbwa alijua.

Jumamosi, 16 Novemba

Balozi wa mtaa ameniita. Kumtangazia mtu sumu mbele ya watu si jambo dogo, amesema, hasa mjane anayeishi peke yake. Ni kweli, huku kwetu neno kama hilo linaweza kumfuata mwanamke mpaka kaburini. Nikaenda geti la kijani pamoja naye, nikaomba radhi mbele ya wale wale vijana. Nilivaa gauni langu la kitenge kipya. Kama ni kuaibika, nisiaibike na dera.

Mama Ester amepokea. Hakujikweza wala hakunibembeleza. Balozi alipoondoka nikamuuliza, kwa nini wewe?

Akasema, "Kwa sababu mimi si mtu wake. Wewe ungemkataza kurudi machimboni."

Kweli ningemkataza. Ningemfungia viatu kabatini. Na hilo ndilo limeniuma zaidi, kwamba jibu alikuwa nalo tayari.

Jumanne, 19 Novemba

Sasa namtoa alfajiri. Naweka kiganja kwenye lami kwanza, kama haivumiliki kwangu haivumiliki kwake. Nabeba maji kwenye chupa na kibakuli. Akitaka kujilaza, namwacha ajilaze, nami nakaa hapo hapo kama mwendawazimu, wanaokwenda sokoni wananisalimia "Mwangaluka!" huku wanacheka. Siku ya mawingu mazito hatutoki kabisa, anazunguka uani. Hilo ndilo sikulijua. Nilidhani ubaya ni jua. Daktari amenieleza kwamba mbwa anapoa kwa ulimi, na hewa ikijaa maji ulimi haumsaidii kitu, awe kivulini au asiwe.

Nguvu zimerudi. Nimejua kwa sababu leo kwenye kona ya mashine alinivuta kushoto. Alfajiri, kuna ubaridi, maji ameshakunywa, bado anataka kwenda kwa yule mama!

Nikamvuta kulia. Tumenuniana njia nzima.

Jumamosi, 23 Novemba

Sare zimesubiri. Nimechimba.

Nyuma ya jiko kulikuwa na mchanga uliobaki wakati wa kujenga. Nimechimba shimo pana, si refu, upande ambao nyumba inatupa kivuli mchana. Nimejaza mchanga, nimemwagia maji. Nimenunua wavu mweusi kama wa Mama Ester. Wangu mpana zaidi. Nimenunua na beseni, jekundu. Mgongo umekatika.

Nikamwita bwana mkubwa. Akanusa, akazunguka, akarudi kulala kwenye saruji.

Nimemtukana matusi ambayo siyaandiki hapa, maana daftari lenyewe lina msalaba kwenye jalada.

Jumapili, 24 Novemba

Hajalala.

Jumatatu, 25 Novemba

Hajalala. Nimemwagia asubuhi na mchana. Nimekuwa kichekesho kwa wateja. Mama mmoja kaniuliza kama ninapanda mpunga.

Jumatano, 27 Novemba

Amelala!

Mchana bati lilikuwa linalia kwa joto. Akatoka ukumbini mwenyewe, kichwa chini, akaenda nyuma ya jiko. Nikamfuata kwa kunyata. Akakwangua mchanga wa juu mpaka akafikia uliolowa, akashusha tumbo, akatandaza miguu. Akafumba macho.

Nimekaa namtazama mpaka maharage yakaniungulia jikoni. Nimefurahi kama niliyeshinda kesi. Sikumpigia Baba Shija. Akija ataona.

Ijumaa, 29 Novemba

Baba Shija amefika. Amekonda, shingo imebaki mifupa. Nimempa michembe ya viazi na maziwa, amekula nusu.

Kuhusu mbwa nimemwambia. Kwamba nilimtoa mchana baada ya kukatazwa, kwamba alianguka. Mahali alipoangukia na aliyemsaidia sikutaja. Nilijiandaa kugombezwa. Hakunigombeza. Alimshika Mtasema masikio, akakaa hivyo muda mrefu, kichwa kwa kichwa.

Kisha akauona wavu nyuma ya jiko. Akauona mchanga na beseni. Akanitazama. Mimi nilikuwa nachagua mchele, nikaendelea kuchagua.

Jumamosi, 30 Novemba

Leo mawingu, hatukutoka. Baba Shija alishinda amelala. Nilimsubiri aseme chochote. Aliuliza chumvi iko wapi.

Jumapili, 1 Desemba

Alfajiri tumetoka wote, mimi, yeye na mbwa. Kamba kashika yeye. Nilikuwa nimejiapiza nisiseme kitu.

Kwenye kona ya mashine mbwa alisita. Baba Shija naye akasita. Nilisikia nyayo zao zimesimama nyuma yangu. Mimi niliendelea kutembea, sikugeuka. Baadaye nikasikia wanakuja.

Misa ya kwanza tumekwenda, tumerudi. Joto likapanda. Mtasema akaenda kujilaza kwenye mchanga. Baba Shija akachukua kigoda akakaa karibu yake, chini ya wavu. Nikasogeza ndoo ya mahindi nikakaa napukuchua, si mbali, si karibu.

Akasema, "Mama Shija, kule duarani nilizimia."

Nikamuuliza, lini? Kama mtu yeyote ambaye hajui angeuliza. Akaniambia lini. Mashine ya hewa, kamba, gunia, malaria ya uongo, yote. Hakulia. Nilikuwa namsubiri alie, Mungu anisamehe, nilikuwa namsubiri kama mtu anayesubiri chenji yake. Hakulia. Alisimulia taratibu, anamchezea mbwa mkia. Nikasema moyoni, basi, machozi yalikwisha kule, mimi nimebakiziwa maneno.

Halafu akasema kuna kitu hajamwambia mtu yeyote. Walipomtoa juu alikuwa amejikojolea. Suruali yote. Wenzake waliona, kijana mmoja wa umri wa Shija ndiye aliyembadilisha nguo. Alisema hivyo akimwangalia mbwa, hakuniangalia mimi.

Nikamwambia pole. Sijamkataza kurudi. Bado. Nilinyanyuka nikamwaga ndoo nyingine kwenye mchanga, Mtasema akahema, akageuza upande.

Sasa wamelala wote wawili pale nje. Naandika huku nawaona dirishani.

Hilo la suruali Mama Ester hana.